Kazi ya Mama Ndanu Isiyoandikwa Popote

Kibwezi,
Jumamosi, baada ya kufua

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Baba, na bibi yetu Susu, na kila anayeamka hapo nyumbani. Mmeamkaje? Redio inasema mvua imenyesha kaskazini mwa Kitui, lakini redio husema "kaskazini" kana kwamba ni kijiji kimoja. Je, imefika Tseikuru? Mbuzi wamepata majani? Goti la Susu linamruhusu kufika kanisani au bado anaombea nyumbani? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu nikikupigia simu utayajibu kwa neno moja, "Tuko sawa," kisha mtandao utakatika.

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Ndanu wetu ameng'oka jino la mbele na sasa akisoma anapiga mluzi. Mimi naendelea na masomo ya kidato cha tatu. Mwalimu wa Kiswahili amesema nimeandika insha nzuri, kisha akaniita mbele niisome, na sauti ikaisha kabla ya aya ya pili. Akamaliza kuisoma yeye. Unanijua.

Ndiyo maana nimeona niandike. Yule mama anayenunua mbuzi huko kwenu, rafiki ya mke wa mchungaji, anapanda kuja huko Tseikuru kupitia Kabati wiki ijayo, na amekubali kubeba bahasha. Ninalotaka kusema si la kusemwa kwa simu ya kukatika. Mwaitu, kaa chini kwanza.

Huenda kaka yangu Kyalo hatahitimu mwaka huu.

Hajafeli. Tafadhali usimwambie Baba kwamba amefeli. Maksi zake za somo moja hazionekani. Alifanya mtihani, alitia sahihi, hata anakumbuka aliyekaa mbele yake alivyokuwa akikohoa. Lakini ukifungua mtandao wa chuo, masomo mengine yote yana maksi, na hilo moja lina nafasi tupu. Darasa lao zima liko hivyo. Na chuo hakimvishi mtu joho akiwa na nafasi tupu.

Najua umeshawaambia akina mama wa kanisa. Najua Mchungaji alitangaza kwamba mtasafiri pamoja kuja kwenye mahafali, na kwamba Kyalo atakuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu jambo hili linamgusa pia Mama Ndanu, dada yako, na nisingependa ulisikie kwa mtu mwingine.

Unajua kwamba Mama Ndanu ni sekretari wa idara ya ualimu hapo chuoni. Mimi nilidhani sekretari ni mtu wa kupiga chapa na kupokea simu. Nilipokuja kuishi kwake ndipo nilipoona. Yeye ndiye aliyekuwa anachemsha chai ya ofisi na kujua nani hanywi maziwa. Mwanafunzi akifiwa, yeye ndiye anayemwombea ruhusa na kumtafutia wenzake wa kumsindikiza. Na muhula ukiisha, yeye ndiye anayewafuata wahadhiri mpaka makwao, hasa wale wa kibarua wanaofundisha vyuo vitatu kwa wiki moja, awaombe maksi. Anaenda kwa miguu, Jumamosi, na kile kikapu chake cha mkonge. Jina la kazi hiyo halipo. Hakuna aliyemtuma. Lakini miaka yote hiyo hakuna darasa la idara yao lililokosa maksi, na kila mtu alidhani maksi huja zenyewe.

Mkuu wa idara wa zamani, aliyestaafu, alijua. Alikuwa akisema mbele ya watu wote wakinywa chai, "Mama Ndanu, kile kiti cha msimamizi wa ofisi ni chako. Ngoja tu kitangazwe." Watu wanapiga makofi. Yeye anarudi nyumbani anaimba. Hata alininunulia kamusi siku moja akasema, "Msimamizi hawezi kuishi na mtoto asiye na kamusi."

Kiti kikatangazwa. Akaenda kuhojiwa amevaa ile suti ya kijivu ya harusi ya binamu. Wakampa Bwana Njoroge, kijana aliyehamia hapa na mke wake kutoka Murang'a. Si mtu mbaya, Mwaitu. Anasalimia vizuri na anaimba kwaya katika kanisa letu. Yeye aliona tangazo, akaomba, akapata. Hakujua kuna mtu aliyekuwa ameahidiwa kwa mdomo.

Mama Ndanu hakulia wala kugomba. Alichofanya ni kwamba siku iliyofuata alichomoa ile barua yake ya kuajiriwa, akaisoma akiwa amesimama jikoni, akasema, "Kumbe kazi yangu ni hii tu." Tangu siku hiyo akawa anafanya iliyoandikwa, na isiyoandikwa anaipita kama mtu anayepita shamba la jirani.

Mwanzoni ilichekesha. Bwana Njoroge alitoka ofisini kwake saa nne akitafuta chai.

"Mama, kwani ni nani huwa anachemsha?"

"Haijaandikwa, bosi."

"Na majani ya chai yanawekwa wapi?"

"Hayo nayo hayajaandikwa."

Mfagiaji wao, Mzee Kimeu, akaanza kutangaza kwenye korido kwamba Mama Ndanu ameingia mgomo wa mtu mmoja na kwamba wanaotaka kumuunga mkono waje na thamosi zao. Hata Mama Ndanu mwenyewe alikuwa akicheka akitusimulia. Anafika nyumbani mapema, anamsuka Ndanu nywele, anakula polepole. Nilifurahi. Sikujua kwamba furaha yangu inakula maksi za kaka yangu.

Kyalo ndiye aliyegundua. Alikuja kula kwetu Jumapili, akaisukuma sahani ya muthokoi wa mahindi na maharagwe kabla ya kuumaliza. Unajua Kyalo na muthokoi. Mama Ndanu akamwangalia.

"Una nini wewe? Umepata mpenzi?"

"Maksi za Bwana Mutisya hazijaingia, mama mdogo. Na majina ya wanaohitimu yanapelekwa karibuni."

"Umeuliza ofisini?"

"Nimeuliza. Bwana Njoroge amesema amemtumia ujumbe wa kumkumbusha."

Mama Ndanu alicheka puani. "Ujumbe. Mutisya na ujumbe!"

"Wewe huwa unaenda kwake," Kyalo akasema. "Nenda tu, mama mdogo. Mara hii moja. Kwa ajili yangu."

Hapo ndipo chumba kilipobadilika. Mama Ndanu aliweka kijiko chini.

"Nikikutafutia wewe peke yako, hao wengine hawana mama?"

"Basi watafutie wote!"

"Hiyo ndiyo kazi niliyoacha, Kyalo."

"Unaniadhibu mimi kwa sababu ya kiti cha Njoroge?"

Mwaitu, sikuwahi kusikia Kyalo akimjibu mtu mzima hivyo. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji na sikujua niliweke wapi. Mama Ndanu hakupaza sauti. Alisema, "Miaka yote nimeenda. Kuna siku nilienda na Ndanu tumboni, jua la saa nane. Ungeuliza mtu yeyote katika chuo kile hizo maksi zinatoka wapi, asingejua. Waliponihoji waliniuliza, 'Una uzoefu gani wa usimamizi?' Nikakosa la kusema, kwa sababu yote niliyofanya hayana jina. Sasa nikienda tena, nitakuwa ninasema walikuwa sawa."

Kyalo akavaa viatu akaondoka bila kunawa mikono.

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Nikiwa darasani nawaza, nikifagia nawaza. Nilimwona Mama Ndanu ana haki. Kisha nikimwona Kyalo kwenye mlango wa bweni lake amekonda, namwona yeye ndiye mwenye haki. Niliomba, lakini sikujua niombe upande gani.

Jumamosi iliyopita Kyalo alinipitia akasema, "Twende kwa Mutisya wenyewe. Wewe kaa tu kando yangu nisipandwe na hasira." Basi tukaenda.

Bwana Mutisya ni mhadhiri wa kibarua, lakini ana shamba karibu na mto, na ukimwona huko huwezi kudhani amewahi kushika chaki. Tulimkuta amevaa gambuti, viatu vya mpira vya shambani, anavuta mpira wa maji katikati ya biringanya. Kyalo akamsalimia, "Habari ya kazi, daktari?"

"Daktari wa biringanya," akasema. "Karibuni. Msikanyage hapo, pameloa."

Kyalo akajieleza. Alikuwa ameandaa maneno, akayasahau, akabaki akisema "mama yangu yuko Tseikuru" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Bwana Mutisya akamsikiliza akiwa ameuelekeza mpira kwenye mfereji.

"Karatasi zenu nilisahihisha zamani," akasema. "Ziko ndani, zimefungwa kwenye gunia, mchwa wasizifikie."

"Basi, mwalimu, tukubebee?"

"Wewe? Mwanafunzi abebe maksi zake mwenyewe? Unataka nifungwe?" Akacheka, halafu akaacha ghafla. "Mama Ndanu yuko wapi? Anaumwa?"

Tukasema haumwi.

"Hajahamishwa?"

Hajahamishwa.

"Basi mbona hajaja?" Na sauti yake, Mwaitu, ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Kila muhula anakuja. Anakaa pale kwenye jiwe, ananiambia biringanya zangu ni nyembamba kama vidole vya mchawi. Anauliza kifua cha mtoto wangu. Kisha anasema, 'Haya, lete karatasi za watoto wa watu.' Yule mkuu wa zamani aliniahidi kazi ya kudumu, akaniahidi tena, kisha akastaafu. Sijachukuliwa mpaka leo. Nilishaapa kutotoa maksi tena. Lakini huyu mama akija naona haya kumrudisha mikono mitupu. Muhula huu nimeletewa ujumbe. Ati, 'Unakumbushwa kwa mara ya mwisho.' Ya kwanza ilikuwa lini?"

Kyalo akataka kumjibu. Nikamvuta shati. Bwana Mutisya akarudi kwa biringanya zake. "Mwambieni namngoja," akasema bila kugeuka.

Jioni Kyalo alimwambia Mama Ndanu mlangoni, hata hakuingia. "Amekuuliza. Alidhani unaumwa."

"Mutisya ameniuliza?"

"Anasema anakungoja wewe."

Mama Ndanu alikaa juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa. Akauliza kama mtoto wa Mutisya bado anabanwa na kifua. Hatukujua. Hatukuwa tumeuliza, na alitutazama kana kwamba tumemwaibisha.

Jumatatu alikwenda kazini. Yaliyotokea alitusimulia mwenyewe jioni, na nayaandika kama alivyoyasema. Aliingia ofisini kwa Bwana Njoroge bila kuketi.

"Bosi, kuna kazi hapa ambayo haijaandikwa na sijui ni ya nani. Leo nitakuonyesha njia yake, ili ijulikane ni ya nani. Chukua kofia."

"Sasa hivi, Mama? Nina mkutano."

"Sasa hivi. Na ni saa za kazi. Sitaki iwe Jumamosi tena."

Akaenda naye! Mama Ndanu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Viatu vyake, Mwende! Vile vyeusi vya kung'aa! Nikamwambia kanyaga pale nilipokanyaga, akasema anajua kutembea, akazama mpaka soksi." Bwana Mutisya alimpa bosi mpira wa maji aushike wakati yeye anaingia kuchukua gunia, na Bwana Njoroge akamwagilia biringanya akiwa na tai. Kisha akaambiwa habari yote ya ahadi, ya Mutisya na pia ya Mama Ndanu, kwa sababu Bwana Mutisya hana breki akianza kusema. Mama Ndanu anasema kijana wa watu aliuweka mpira chini. Halafu akaanza, "Mimi nawaahidi, nitafuatilia..."

"Usiniahidi, bosi," Mutisya akamkata. "Wewe njoo tu muhula ujao. Njia umeshaijua."

Akampa gunia.

Hapo ndipo tulipofika leo, Mwaitu. Maksi za darasa zima ziliingizwa siku hiyohiyo. Bwana Njoroge ameyapeleka majina kwa wakubwa kwa mkono wake. Hatujajibiwa. Kyalo hali vizuri. Nitaiacha bahasha wazi.

Alhamisi

Mwaitu, wamejibu.

Majina ya mahafali ya mwaka huu yalikuwa yamefungwa. Walifunga muda mfupi tu kabla ya gunia kufika, lakini walifunga. Darasa la Kyalo litangoja mahafali yajayo. Shahada yake haina kasoro na hatarudia kitu chochote, ila mwaka huu hatavaa joho. Bwana Njoroge alirudi mara mbili kuwasihi. Mama Ndanu anasema alimsikia akipaza sauti kwenye korido, na yeye si mtu wa kupaza sauti.

Mama Ndanu alitueleza jioni akiwa bado amevaa viatu. Alimwambia Kyalo akimtazama machoni, "Ningeenda mapema, jina lako lingekuwa ndani." Hakujitetea. Kyalo alikaa kwa muda akichuna gamba la kidole. Kisha akasema, "Na Mutisya angetoa mapema. Na wao wangekupa kile kiti." Akaacha kuchuna. "Mimi nitangoja, mama mdogo. Ila mama yangu, sijui nitamwambiaje." Akanigeukia. "Mwambie wewe, Mwende."

Kwa hiyo nimekuambia.

Nimejaribu kutafuta kosa ni la nani, nikaliandika mara tatu na kulifuta mara tatu. Kama ni la Mama Ndanu, basi kosa lake ni kuchoka. Najua wewe unaweza kukasirika, na una haki, kwa sababu ndiwe utakayesimama mbele ya akina mama wa kanisa useme safari haipo. Lakini naomba nikuambie nilichokiona katika nyumba hii.

Jana nilimkuta ameshika simu, jina lako liko kwenye kioo, "Dada," na kidole hakishuki. Aliponiona akaigeuza simu kifudifudi. Akasema, "Alinibeba mgongoni akienda kisimani, Mwende. Aliacha shule mimi nikasoma. Kitu kimoja tu nilichoweza kumfanyia ni kumtazamia mtoto wake hapa." Nikataka kumwambia kwamba amenilisha, amenivisha, amenikalisha karibu na taa nisome, na hakuna mahali ulipoandikiana naye kwamba atafanya hayo. Sauti haikutoka. Nimeona haya kwa sababu hiyo tangu jana.

Basi naomba, Mwaitu. Ukimaliza kusoma, panda pale kilimani panaposhika mtandao, umpigie yeye kwanza, kabla ya Kyalo. Usimuulize habari ya maksi; atakuambia mwenyewe. Muulize kama ameshinda salama. Muulize miguu. Hakuna mtu anayemuuliza.

Mpe Baba salamu zangu, na umwambie Kyalo ni mwalimu tayari, ni joho tu lililochelewa. Msalimie Susu na goti lake. Msalimie Mutua, kitinda mimba wetu, na aache kupanda mgongo wa punda. Salamu kwa shangazi wa Kabati ukipita dukani kwake, na kwa Mchungaji, ambaye naomba umwambie wewe mwenyewe kabla ya Jumapili, asije akatangaza tena.

Naifunga sasa, kwa sababu mwenye kubeba bahasha yuko kwenye geti. Mama Ndanu amekaa kibarazani na sinia ya mbaazi. Nilizichambua zote asubuhi, na yeye anajua, lakini anazichambua tena, na simu ameiweka juu ya goti.

Ni mimi binti yako anayekuombea,
Mwende